Jua la Baba Mbwana

Paa la nyumba yetu, kama mapaa yote ya Lushoto siku hizi, hufunguka lenyewe saa tatu asubuhi juu ya mtu mmoja tu: yule mwenye vitamini D kidogo kuliko wote ndani, ambaye kirusi cha mapafu kikimkuta kitamlaza. Kwa miezi minne mtu huyo alikuwa mume wangu, Baba Mbwana, aliyerudi kutoka hospitali hana pumzi ya kumaliza hata salamu.

Sikulalamika. Yeye aliota jua mkekani, mimi nikabaki kivulini nikimpikia uji na kumfulia mashuka. Sasa anatembea hadi chooni peke yake, anakula matunda damu, zile plamu nyekundu za huku kwetu, na kutema kokwa nilipofagia, na usiku anakoroma. Mkoromo ule nilikuwa nimeukosa, sitasema uongo.

Leo saa tatu ilimkuta ameshatandika mkeka. Paa likaguna, likafunguka upande wa pili, juu ya kigoda changu na ungo wa maharage.

"Mama Mbwana, paa limeharibika," alisema.

"Au wewe umepona, mume wangu."

Akacheka hadi akashika mbavu, na hakukohoa hata mara moja. Nikacheka naye, moyo mweupe kabisa. Kisha, ili jua limrudie mwenyewe, nikasogeza kigoda mpaka ukutani.

Paa likaguna tena, likanifuata.