Konokono Kaburini

Kaburini hamkuwa na mtu. Ziwa lilimchukua Lugembe na halikumrudisha, na ndugu walipochoka kungoja walizika gogo la mgomba kwa desturi yao, wakalia. Mama yake, Nyamizi, hakulia. Alisema hawezi kulilia mgomba.

Leo yeye na wifi yake Kabula walikuwa wakimwaga juu ya kaburi kokoto za kupambia bustani, walizonunua dukani kwa mfuko.

"Zitandaze vizuri," alisema Kabula. "Huo mgomba wako ukichipua, wageni watakuja na visu na sufuria."

Nyamizi hakucheka. Alikuwa akifuta kokoto moja kubwa kwa kanga. Katikati yake lilijikunja gamba dogo lenye mizunguko.

Kabula akalikodolea macho. "Kisukuku hicho. Mwalimu alituonyesha kama hicho shuleni. Ni konokono wa majini, alikufa akafunikwa na tope, miaka na miaka, mpaka yeye na tope wakawa jiwe. Litupe, wifi. Tumelipia mapambo, wametuuzia na maiti."

"Alifia majini?"

"Majini."

"Wala hakuna aliyemzika."

"Wifi, huyo ni konokono."

Nyamizi alipiga magoti upande wa kichwani, akasukuma kokoto kando, akaanza kuchimba kwa vidole. Udongo ulikuwa umeshikamana. Kilio kilimtoka kabla shimo halijatosha.

Kabula alitafuta neno la mzaha, hakulipata. Akapiga magoti mbele yake, naye akachimba.