Ufunguo wa Pompe

Jembe la kumi na nne lilipolazwa upande wake, Mulongo alishusha pumzi. Bado mawili.

Ndivyo kundi lao la walimaji, hapa nyuma ya reli, linavyomwondoa kiongozi. Hakuna karatasi. Mshitaki anasimama upande huu wa pompe ya maji, kiongozi upande ule, na kila mwanachama analaza jembe lake mbele ya yule anayemwamini. Wako thelathini na mmoja. Kiongozi akishindwa, anakabidhi ufunguo wa pompe, anaacha na matuta yake, na kesho harudi.

Ng'ambo ya pompe alisimama Mama Bitota, prezidenti wao wa miaka sita, mikono ndani ya kitenge. Matuta yake manane ya lengalenga na matembele ndiyo yanayolisha wajukuu watano. Mulongo alilijua hilo. Halikumgusa. Yeye, nani alimhurumia?

Jembe la kwanza kulazwa lilikuwa la marehemu mke wake, Masengo. Mulongo alilileta mwenyewe begani; nafasi ya mkewe kundini aliirithi yeye.

Mwaka jana, msimu wa baridi kama huu, Mulongo alikwenda Kaniama kutafuta mahindi. Aliondoka kabla jogoo hajawika, akakaa njiani siku tatu juu ya pikipiki. Asubuhi ileile aliyoondoka, pompe ilikutwa na mnyororo wake na kufuli yake, ufunguo haupo. Miche haingoji. Wanawake wakateremka kuchota kwenye dimbwi la chini, lile linalopokea uchafu wa mtaa mzima. Wanasema Masengo alibeba ndoo kuliko wote. Alimwagilia matuta yake, akamwagilia ya wenzake, hakutaka kupumzika, hakutaka kupokelewa. Jua lilipopanda, kiu ikambana, akayanywa maji yaleyale.

Kipindupindu. Mulongo aliporudi na gunia lake, kitanda cha hospitali kilikuwa kimeshafutwa. Aliyekaa na mgonjwa mpaka mwisho alikuwa Bitota peke yake, na maneno ya mwisho ya Masengo hakuyatoa, hata alipoulizwa.

Na ufunguo, kwa sheria yao, anayemwagilia wa mwisho jioni hufunga na kuurudisha, nao hulala nyumbani kwa prezidenti. Kila mtu anajua. Mwaka mzima Mulongo alimwuliza, na mwaka mzima jibu lilikuwa neno moja: ulipotea. Bitota akanunua kufuli mpya, maisha yakaendelea kwa wale ambao bado walikuwa na wake zao.

“Bakubwa banapoteza funguo,” Mulongo alikuwa akiwaambia watu sokoni, kituoni, hata kanisani. “Siye tunapoteza bantu.”

Maneno hayo yaliingia. Sasa yalikuwa yanaleta majembe.

Baridi ilikuwa inauma. Asubuhi hii alikuwa amelitoa kutoka sandukuni koti lake zito, ambalo hakulivaa tangu safari ile. Lilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni. Masengo alilipenda kuliko mwenyewe. Msimu wa baridi kila jioni alijitupia mabegani akatoka nalo kwenda kumwagilia, na Mulongo akabaki kulitafuta. Aliahidi kuushona mfuko wake uliotoboka. Hakujaliwa.

Kumi na tano upande huu. Kumi na tano upande ule.

Akabaki Amida, muuza chumvi na vitunguu, mwanamke asiyependa ugomvi. Alisimama katikati, jembe mkononi, anamtazama Bitota kama anayemwomba.

“Mama, sema tu kweli. Siku ile funguo ilikuwa kwa nani? Ukisema, jembe yangu iko yako.”

Macho ya Bitota yalikuwa juu ya koti. Yalianzia kwenye kola yakashuka polepole mpaka kwenye pindo, yakakaa hapo muda mrefu hata watu wakaanza kugeuka kutazama kile anachokitazama.

“Papa Mulongo,” alisema. “Hii koti njo ile ulienda nayo Kaniama?”

“Ndiyo, njo ile. Koti iko na kazi gani mu hii maneno? Jibu mama Amida.”

Mmoja akacheka nyuma. Bitota alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, aliwageukia watu wote.

“Funguo ilikuwa kwangu. Nilizembea. Musitafute muntu mwingine.”

Amida alilaza jembe lake miguuni pa Mulongo bila kumtazama, kisha akajifuta uso na ncha ya kitenge.

Kwisha. Mulongo aliingojea saa hii mwaka mzima, akanyosha mkono kudai ufunguo. Bitota aliizunguka pompe taratibu. Akatoa ufunguo wa kufuli mpya kwenye fundo la kitenge, akauweka katika kiganja cha Mulongo na kukifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

“Usiulize muntu tena, papa,” alisema kwa sauti ya chini. “Masengo aliniomba vile.”

Akaondoka kwa njia ya reli, mikono mitupu. Jembe lake aliliacha palepale. Hakuna aliyemwita.

Mulongo alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mabehewa. Kisha akautia ufunguo mfukoni.

Haukukaa. Ulipita kwenye tundu ambalo Masengo hakuwahi kulishona, ukateleza ndani ya bitana mpaka kwenye pindo, na huko chini chuma kikagonga chuma.