Kuizunguka Ndoo

Pikipiki ikazima tena.

"Klachi, Fundi, klachi!" Dereva alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha barazani, kisha akakohoa, maana siku hizi hata kupaza sauti ilikuwa kazi. "Unaiachia kama umeshika kaa la moto. Polepole!"

Mume wake alishuka, akaitazama pikipiki kwa unyonge. Katikati ya ua kulikuwa na ndoo ya bluu iliyofunikwa kifudifudi, na mtihani ulikuwa huo tu: kuizunguka ndoo bila kuweka mguu chini. Mwezi wa tatu sasa, mtihani unamshinda.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mke ndiye dereva wa pikipiki, mume ndiye mshona magauni, na sasa mke anamfundisha mume! Zamani Dereva angewajibu, naye mdomo anao. Miaka nenda miaka rudi alisambaza dawa za duka moja kubwa, kwenye zahanati na majumbani mwa wagonjwa, jua lake mvua yake, mpaka ini lilipomkalisha kitini. Daktari hakuzungusha maneno. Zilikuwa zimebaki dawa za kutuliza maumivu tu.

Siku hiyohiyo waliporudi kutoka hospitali ndipo Dereva alipoifunika ile ndoo. Cherehani peke yake haikuwahi kulisha nyumba yao, na binti yao alikuwa bado yuko shule ya bweni. Mwenye duka la dawa alishakubali kazi ibaki kwa Fundi, mradi ajue kuendesha.

"Siendi popote mpaka ujue," Dereva alimwambia, akijilazimisha kucheka. "Siku utakayoizunguka hii ndoo, nami nitakuwa nimemaliza. Nitafumba macho bila wasiwasi."

Fundi hakucheka. Alisimama kando ya ndoo, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaingia ndani kumchemshia maji ya kuoga.

Kwa sasa, kwa maelezo ya Fundi, dawa zilipelekwa na Breki, mwenzake Dereva wa kijiweni, aliyepewa jina hilo kwa kushika breki hata akipanda mlima. Kila asubuhi Fundi aliikokota pikipiki mpaka kwenye kibanda chake cha kushonea, Breki aichukulie huko. Mchana aliikokota tena kuirudisha nyumbani, shati limemganda mgongoni.

"Si umwambie Breki aifikishe hapa mlangoni?" Dereva alimwuliza.

"Ana haraka zake," alijibu Fundi, na kila akiulizwa jibu lilikuwa hilohilo. Dereva alitaka hata kumpigia Breki amshukuru, lakini simu yake haikupatikana.

Kilichomshangaza zaidi ni mguu wa mumewe. Juu ya cherehani, mguu ule ulijua kupunguza mwendo mpaka sindano ikashuka tundu moja tu na kusimama. Mikono ile ilishona hariri bila kuiachia hata kunyanzi. Inakuwaje basi mtu huyohuyo agombane na gia?

"Ukishindwa na hili, mwanetu atakula nini?" alimfokea siku moja.

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Kesho nitajaribu tena."

Hasira ilipopita, huruma ikamjaa Dereva tele. Mwili ulikuwa umemwisha; pete yake ya ndoa ilikuwa imehamia kwenye kidole gumba. Kufa alishakuzoea kidogo. Kilichomnyima raha ni kumwacha mtu mpole kama yule mikono mitupu, na siku zilikuwa zinamponyoka huku ndoo iko palepale. Akaamua kumwomba Breki amfundishe Fundi badala yake. Labda kwa mwalimu mwingine angeelewa.

Kumbe hakuwa na haja ya kumtafuta. Kesho yake mchana Breki mwenyewe aliingia uani, akitembelea gongo.

"Masikini! Umeumia lini?" Dereva alishtuka.

"Nisamehe, dada, sikuja kukuona mapema." Breki alijishusha kwenye ngazi ya baraza, mguu kaunyoosha mbele. "Nilianguka wiki ileile uliyolazwa. Nimerudi juzi tu kutoka kwetu, na tangu nianguke pikipiki sijaigusa."

Dereva alimkodolea macho.

"Hata leo nisingefika, kama si shemeji kunipakia," Breki aliendelea. "Anaendesha laini yule, utadhani umekaa kwenye kochi! Ila kanishangaza. Ananiteremsha pale kwenye kona, mimi na gongo langu, eti nimalizie kwa miguu, yeye akamalizie dawa zake. Halafu ananiomba nikwambie nimeumia jana. Sasa nimdanganye mgonjwa ili iweje?"

Dereva aliitazama ndoo.

Geti lililia. Fundi aliingia akiikokota pikipiki, jasho linamtiririka. Alimtazama Breki, akamtazama mkewe, akasimama asijue atazame wapi.

"Umechelewa," Dereva alisema taratibu. "Tuanze somo."

Fundi alipiga kiki, akatia gia, akaanza kuizunguka ndoo. Alipofika nusu, mguu ukashuka chini. Pikipiki ikazima.

"Bado sijajua," alisema, macho yako ardhini.

Dereva alijifuta mashavu kwa pindo la shuka.

"Naona, mume wangu," akasema. "Basi siendi popote."