Mayai ya Mwalimu

Kiranja wa darasa aliingia na mayai manane kifuani, akitembea kama aliyekanyaga miba.

"Funga mlango," alimwambia Domo, jirani yake wa dawati. "Mwalimu kaenda kuchukua chaki."

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu mwalimu aweke mayai kwenye sanduku lenye balbu na bakuli la maji. Alikuwa amesoma kitabu kizima kuhusu joto na unyevu. Mayai yenyewe alinunua dukani, makubwa, meupe, yanang'aa. Siku ile darasa zima lilitazamana, lakini nani aseme? Mwalimu alishaweka sheria: "Humu ndani mimi ni mwalimu, nyie ni wanafunzi. Wa kunisahihisha atasimama nje."

Sasa mkaguzi alikuwa anakuja siku ya ishirini na moja. Kama hakuna kifaranga, darasa linafungwa na mwalimu kazi hana. Kiranja, ambaye juzi tu ndiyo ameanza kusoma sentensi bila kuifuata kwa kidole, hakuwa tayari kwa hilo.

"Umeyatoa wapi?" Domo aliuliza.

"Chini ya kuku wetu. Ana siku kumi kayalalia. Nitampa ya dukani tutakayotoa humu, Mungu anisamehe."

"Na kuku je?"

"Huyo hasamehi. Tazama alivyonidonoa."

Walibadilisha moja moja.

"Mbona haya madogo?" Domo alinong'ona.

"Usijali. Sababu ataitoa mwenyewe."

Mwalimu alirudi, akainua yai moja, akaligeuza. "Mnaona? Joto linayapunguza. Andikeni."

Wakaandika. Wa nyuma waliziba midomo, mabega yakitikisika. Mwalimu akawaandikisha mara ishirini: Sitacheka darasani.

Siku ya ishirini na moja, mkaguzi akiwa ameinamia sanduku, ganda la kwanza lilipasuka. Kisha la pili. Mkaguzi alipiga magoti sakafuni na suti yake.

"Hongera, mwalimu! Darasa hili halifungwi ng'o!" Akawageukia wanafunzi. "Na haya yote mmefundishwa na nani?"

Kiranja alisimama, mikono nyuma. "Na mwalimu wetu. Sisi mambo ya kuku tulikuwa hatujui lolote."

Domo alipaliwa na mate.

Mkaguzi alipoondoka, kengele ililia. Wanafunzi walikusanya madaftari, wakachukua mikongojo yao, wakatoka taratibu wakishika viuno. Alibaki kiranja, akifuta miwani.

Mwalimu alimkimbilia. "Umeona, bibi? Na yule mwenye duka alinicheka, eti huko yanakotoka mayai yake hakuna jogoo hata mmoja. Jogoo anahusika nini?"

Kiranja alimshika mkono.

"Twende nyumbani, mjukuu wangu. Leo bibi yako atakueleza kazi ya jogoo."