Majina Yaliyosomwa Redioni

Mzee Mbonea aliunga waya wa mwisho, akaiwasha redio ya marehemu baba yake. Ilikoroma, kisha mtangazaji akasikika:

"Tangazo la kifo. Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Mbonea Kihiyo. Habari ziwafikie wanawe, Sifaeli na Navoneiwa, dada yake Nakundwa, ndugu na jamaa wote."

Mzee alicheka. Kwa umri wake, kifo hakikumtisha. Lakini jina la mkewe halikusomwa, na mjane hutajwa kabla ya watoto. Asiyetajwa huwa ametangulia.

Kicheko kikamkauka. Jikoni, mkewe alikuwa akitwanga kisamvu tangu asubuhi.

"Mama Sifaeli!" aliita.

Mchi ulitua mara moja zaidi, ukanyamaza.