Mkuyu Kati ya Choo na Kisima

Ndoo ilipanda na kipande cha mzizi kimenasa kwenye mpini, cheusi, kinateleza kama utumbo wa samaki. Felisita alikinusa mara moja, akatema mate. Kilinuka choo. Na chai yote aliyowapikia wakulima asubuhi hiyo ilitoka kisima hicho.

Kiwanja chenyewe kilikuwa chembamba, choo huku, kisima pale. Mwenye nyumba alipopata leseni ya kununua pamba, alitaka kivuli cha haraka kwa wakulima wanaosubiri mizani. Felisita alimwambia apande mwarobaini, tena kule mbele barabarani. Yeye akachomeka gogo la mkuyu katikati ya choo na kisima, kama wanavyochomeka nguzo za zizi kwao Mwandoya.

"Mkuyu hauombi ruhusa kuota," alijigamba.

Sasa mkuyu ulikuwa umekomaa, naye mwenye nyumba amekaa chini yake, kitambi mbele, kikombe mkononi.

"Mama, kwa kivuli hiki na chai yako, sitoki hapa. Niongeze."

Felisita akawapitia wakulima, akawanyang'anya vikombe mmoja mmoja. "Chai imekwisha, baba zangu."

Kisha akarudi na birika, akamjazia mwenye nyumba mpaka ukingoni.