Taa Isiyotakiwa Pichani

"Picha nimeipenda, fundi," alisema Chenge. "Ila hiyo taa ifute."

Ua wa Maige pale Mabatini ulikuwa umejaa watu waliotoka kanisani. Picha yenyewe iliegemezwa ukutani: Mwanza usiku, milima, mabati, na ziwa likimetameta kwa mbali. Chini, kwenye nyumba moja, kidirisha kiliwaka njano.

Tangu biashara binafsi ziruhusiwe, kila mwenye nacho alifungua gesti. Ya Chenge ilikuwa na vyumba kumi, na kila chumba kilitaka picha. Maige alikuwa amechoka kuandika "Duka la Rejareja" kwenye kuta za watu. Kazi hii aliililia.

"Bosi, usiku si mweusi," alisema. "Hapa nyeusi sijatia hata tone. Ni bluu na kahawia tu. Hebu finyeni macho kidogo."

Ua mzima ukafinya macho.

"Mmeona? Mlima ndio wenye giza kuliko vyote. Maji yamekolea kidogo, mabati yamepauka kwa mbalamwezi. Vyote vimepoa. Chenye joto ni hiyo taa peke yake. Ukiitoa, umebaki na blanketi."

"Blanketi litanifaa. Wageni wangu wanakuja kulala."

Watu wakaangua kicheko. Paskazia, mke wa Maige, hakucheka. Alikuwa anawamiminia wageni togwa, na kikombe kilifurika mkononi mwake.

"Baba, mwenye hela kasema futa," alisema. "Si ufute tu?"

"Na wewe Paska! Jana si ulisema imependeza?"

"Jana sikuiangalia vizuri."

Chenge akatazama saa yake. "Fundi, ukiifuta, vyumba vyote kumi ni vyako. Usipoifuta, nabandika kalenda."

Maige akachovya brashi kwenye bluu. Akaisogeza hadi kwenye kidirisha, akaishusha. Akawaza zile kuta za maduka. Akapumua, akainua tena brashi.

"Ngoja kwanza!" Bernadeta, jirani asiyepitwa na jambo, alijipenyeza mbele mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Shemeji, hii nyumba ya nani? Mbona kama naifahamu?"

Maige akacheka.

"Umeshindwa kuijua, shemeji? Si hapa hapa! Jumamosi ile niliyoaga naenda Kamanga, kivuko kiliniacha. Nikapanda zangu mwambani huko juu na tochi, nikachora mpaka alfajiri. Huyu Paska naye alikwenda kulala Bujora kwa mama yake, chumbani kaacha taa inawaka! Bahati nzuri niliwahi kuipaka, maana haikuchukua muda ikajizima yenyewe."